Waya wa Kurudi

Mkaguzi wa umeme aliweka kiganja juu ya waya wa kurudi, akakiondoa upesi kuliko alivyokiweka.

"Mzee," alisema, akijifuta mkono kwenye suruali kana kwamba joto ni kitu cha kufutika, "waya huu unaweza kuchemsha chai."

Aliyeambiwa hivyo hakuwa mzee sana. Mtaa ulimwita Fundi Mota, kwa kuwa haikuwahi kuonekana mota iliyoungua koili ikamshinda. Ya pampu, ya kinu, ya feni, zote alizipasua, akang'oa shaba iliyoungua, akazisuka upya, zikarudi kwa wenyewe zikinguruma kwa adabu. Siku hizi hakuna anayesuka mota. Zinauzwa mpya kwa bei ya kutupa, nazo zikiungua zinatupwa. Ndiyo maana makochi yalitolewa sebuleni, zikapigwa rafu kwenye kuta tatu, na kila rafu ikajaa chaja za betri za pikipiki. Familia ilikuwa inakula kutoka kwenye rafu hizo, na haikuwa na pengine pa kula.

"Haiwezekani," alisema Fundi Mota. "Nina fezi tatu, nyaya tatu za kuleta umeme. Chaja nimezigawa sawasawa, hakuna fezi iliyoizidi nyingine. Mizigo mitatu ikilingana, waya wa kurudi haubebi kitu, unakuwa baridi kama tumbo la chura. Nilijua hayo wewe hujavaa hiyo kofia."

"Hata mimi nayajua." Mkaguzi hakuwa mgomvi. Alitoa mita yake ya kubana, ile yenye taya kama za kaa, akaubana waya wa fezi ya kwanza na kumwonyesha namba. Akabana wa pili, akabana wa tatu. Namba zililingana kweli. Fundi Mota akakunja mikono kifuani, akamtazama mkewe aliyesimama mlangoni, mtazamo wa mtu anayedai pongezi zake mapema.

Taya zikaubana waya wa kurudi. Namba iliyotokea ilikuwa kubwa kuliko zote tatu.

Feni ndogo za chaja ziliendelea kuvuma. Mke, ambaye madereva wa pikipiki walimwita Mama Chaja, aliacha kuhesabu funguo zilizokuwa mkononi mwake.

"Baba," alisema binti yao. Alikuwa amejibanza kati ya rafu mbili, na bisibisi nyuma ya sikio. "Ni chaja zenyewe. Namna zinavyovuta umeme siyo kama mota, zina..."

"Diploma," baba alimkatiza kwa jina la utani alilompa tangu alipohitimu chuo cha ufundi, "mletee mkaguzi kiti."

Binti alileta kiti. Mkaguzi hakukikalia. Kilibaki katikati ya chumba, na kila aliyepita alilazimika kukizunguka.

"Transfoma ya pale kona inanguruma kama imekabwa," mkaguzi alisema. "Fundi cherehani wa nyuma ya ukuta huu analalamika mashine yake inakoroma na taa zinapepesa. Waya wenyewe umeanza kubabuka ngozi. Nitarudi Ijumaa mchana, chaja zote zikiwa zinafanya kazi. Nikikuta waya wa kurudi bado unabeba kuliko fezi, nakata laini. Heri nije kukata umeme kuliko nije kuhesabu mabati ya nyumba iliyoungua."

"Kuna mtu ananiibia," alisema Fundi Mota.

"Mwizi au si mwizi, waya ni wako."

Alipotoka, Fundi Mota alisimama akiutazama ule waya kama mtoto aliyemlea mwenyewe na leo amemtukana mbele ya wageni. Kisha akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Kwa aliyenishtaki. Anayewahi kulia ndiye mwenye kuku mfukoni."

* * *

Fundi cherehani alikuwa na pini tatu mdomoni na mteja mbele yake, mama mnene aliyesimama mikono juu akipimwa kiuno. Mashine ilikuwa imezimwa. Vitambaa vilining'inia kila mahali, na fundi mwenyewe alikuwa mwembamba kiasi kwamba utepe wa kupimia ulioning'inia shingoni ulionekana kumzidi uzito.

"Jirani," Fundi Mota alianza mlangoni, bila salamu, "umeunganisha waya wako kwangu tangu lini?"

Pini zilitolewa mdomoni moja baada ya nyingine, zikachomekwa kwenye mto wake mdogo.

"Rudia, jirani. Huyu mama hakusikia vizuri."

"Waya wangu wa kurudi unabeba mzigo ambao si wangu. Mimi na wewe tumetenganishwa na tofali moja. Sihitaji ramli."

Mteja alishusha mikono. Fundi cherehani hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alimfungulia kisanduku cha swichi, akavuta pazia lililofunika ukuta, akasogeza hata kabati la nguo zilizosubiri wenyewe. "Kagua. Chukua muda wako. Ukimaliza, mwambie huyu mama ulichokuta, kwa sababu amekusikia ukiniita mwizi, na nguo yake iko mikononi mwangu."

Fundi Mota alikagua. Alijua kukagua, na kwa kuwa alijua, hakuchukua muda mrefu kuona kwamba hakukuwa na kitu. Nyaya za jirani zilikuwa nadhifu kuliko zake. Ukuta ulikuwa mzima.

"Umekuta nini?" aliuliza yule mama, ambaye sasa alikuwa amekaa, maana aliona mambo yamekuwa matamu.

"Sijaona kitu," alisema Fundi Mota.

"Hujaona, au hakuna?"

Alikifunga kisanduku cha swichi. Alitoka kama alivyoingia, bila salamu, na nyuma yake akasikia mashine ikiwashwa. Ilikoroma. Hata yeye aliisikia: sauti ya mota nzuri inayolishwa umeme mbaya.

* * *

"Kwa hiyo ulimwita mwizi mbele ya mteja," Mama Chaja alisema wakati wa chakula. "Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu ukamwomba radhi."

Fundi Mota alimega tonge akalitazama. "Nitaomba radhi nikishajua kosa ni la nani."

"Ni la chaja, baba," alisema binti. Safari hii hakukatizwa, maana baba yake alikuwa na tonge mdomoni, naye akaitumia nafasi. "Umeme unakuja kwa mawimbi, si ndiyo? Unapanda, unashuka. Mota inakunywa taratibu wimbi zima. Chaja zetu ni za bei rahisi. Ndani zinageuza umeme wa mawimbi kuwa wa betri, lakini hazinywi. Zinangoja wimbi lifike kileleni kabisa, zinabugia funda moja kubwa, zinafunga mdomo mpaka kilele kingine. Zote kwa pamoja. Ndiyo maana wimbi linachubuka kichwa, na mashine ya jirani inakoroma."

"Kubugia si kosa," alisema mama yake. "Hata wewe unabugia."

"Mama, sikiliza. Kule kubugia kunazaa mawimbi mengine madogo ya kasi, yanayodandia juu ya lile kubwa. Hayafanyi kazi yoyote, ila yanajaza nyaya. Fezi tatu zina zamu. Huyu akivuta, yule analegeza, wakikutana kwenye waya wa kurudi wanafutana. Hapo baba kasema kweli. Lakini yapo mawimbi dandizi yenye kasi mara tatu ya lile kubwa, na hayo hayana zamu. Yanafika kwenye waya wa kurudi yote kwa mkupuo mmoja kutoka fezi zote tatu. Badala ya kufutana yanajumlishana."

Mama Chaja aliacha kula. "Kama abiria watatu waliolipa nauli, na kila mmoja kabeba mtoto ambaye hajalipiwa."

"Ndiyo. Na watoto wote wamepakatwa na mtu mmoja."

"Sasa yule mtu mmoja ndiye anayechemka."

"Ndiyo, mama."

Fundi Mota alimeza. "Maneno mazuri. Sasa niwaambie dawa yake, maana mimi sikusomea maneno. Kitu kinachovuta umeme wa bure usiofanya kazi, kinapewa kapasita, kile kikopo kinachoshika umeme na kuurudisha. Nimezipa kapasita mota za viwanda vizima, zikatulia, na wenye viwanda wakanipa mkono. Kesho nafunga kapasita."

"Baba, hiyo ni dawa ya mota. Mota ina ugonjwa wa kuchelewa, kapasita inaiwahisha. Chaja hazichelewi. Kwa mawimbi ya kasi kapasita ni mlango ulio wazi. Yataingia yote humo, yataipasua."

"Wewe," baba alisema polepole, "umesoma kuhusu mota. Mimi mota zimenisomesha. Nyie ndio mnataka mkuu asikie la mdogo."

Binti aliangalia sahani yake. Mama yake alimsukumia bakuli la maji ya kunawa, na kwa mkono huohuo akamgusa kidole, ishara ya kumwambia anyamaze kwa leo.

* * *

Kapasita zilifungwa asubuhi. Zilikuwa za kiwanda, kubwa kama makopo ya maziwa, alizozihifadhi kwenye ghala la vyuma chakavu nyuma ya nyumba. Ghala hilo mkewe alikuwa akitaka lote liuzwe kwa kilo, naye hakutaka kusikia. Alizipanga vizuri kwenye ubao, akakaza kila skrubu, akasimama kando mikono mfukoni.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Betri zilikuwa chache, na waya wa kurudi ulikuwa vuguvugu tu. Fundi Mota alimwita mkewe aje aguse. Aligusa, akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Mchana madereva wakaingia kwa wingi. Aliyetangulia kama kawaida alikuwa yule waliyembatiza Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiitumia.

"Mama Chaja, nijazie huyu mtoto, ana njaa," alisema akitua betri mezani. "Eh, mzee, na hayo makopo ni ya nini? Mmeanza kuuza maziwa?"

"Ni dawa," alisema Fundi Mota.

"Ya nani? Ya betri au ya mkaguzi?"

Madereva wakacheka, na Fundi Mota naye alicheka kidogo, kwa kuwa aliamini. Rafu zikajaa. Mvumo wa chumba ukabadilika, ukawa na mkwaruzo ndani yake, kama mtu anayekuna sufuria chumba cha pili. Binti aliinua kichwa. Kopo la mwisho upande wa kulia lilikuwa limevimba mgongo.

"Baba, zima."

"Subiri litulie."

Halikutulia. Lilipasuka kwa sauti ya mlango uliopigwa teke, na la pili likafuata, na mafuta meusi yakachirizika ukutani mpaka kwenye kile kiti ambacho mkaguzi hakukikalia. Swichi kubwa ikajiangusha. Taa nyekundu zote za chaja zikazimika. Harufu ilikuwa ya kitu ambacho hakipaswi kunuswa.

Hakuna aliyeumia. Breki alikuwa tayari barabarani. Siku hiyo pia hakutumia breki. Alirudi akichungulia dirishani. "Mzee," alisema, "hiyo dawa ina makali."

Ndipo binti akasema, kwa sauti ambayo kila dereva aliisikia: "Nilikwambia. Nilikwambia kabisa, hukutaka kusikia."

Fundi Mota hakumtazama. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa mafuta ukutani, kwa uangalifu mkubwa, kama vile ukuta ndio ulioumia. Madereva mmoja mmoja wakachukua betri zao, nusu zimejaa nusu hazijajaa, wakaondoka wakisema watarudi. Waliondoka kwa adabu, na adabu yao haikuwa na ladha.

Mama Chaja alimvuta binti yake mpaka jikoni.

"Ulilosema lilikuwa kweli," alimwambia. "Mahali uliposemea hapakuwa pake. Baba yako jana alimvua nguo jirani mbele ya mteja wake. Leo wewe umemvua baba yako mbele ya wateja wetu. Nyumba hii ikiendelea hivi, Ijumaa mkaguzi atatukuta wote uchi."

"Sasa nifanyeje, mama? Ninyamaze tukatiwe?"

"Nani kakwambia unyamaze? Umesema ugonjwa. Umesema dawa ipi si yake. Dawa yenyewe sijaisikia."

Binti alichomoa bisibisi nyuma ya sikio. Hilo lilikuwa swali la haki.

* * *

Dawa aliijua. Chaja inayobugia inawekewa koili mlangoni, koili nzito iliyosukwa juu ya chuma, kwa sababu koili haipendi haraka: mkondo ukitaka kuruka ghafla, inaushika nguo. Funda kubwa la ghafla linakuwa funda refu la taratibu, na mawimbi dandizi yanakosa pa kukanyaga. Chaja za bei kubwa zinafanya hivyo kwa ujanja zaidi, zina sakiti ndani inayofuata wimbi hatua kwa hatua. Lakini za kununua hizo hawakuwa na uwezo, na Ijumaa haikusubiri mtu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ghalani, akatoa transfoma ndogo iliyokufa, akapiga hesabu ya mizunguko kwenye kipande cha boksi, akasuka. Vidole vyake havikuwa vya baba yake. Mizunguko ilipandana kama watu wanaogombea dirisha. Hata hivyo ilitimia. Aliunganisha koili na chaja moja iliyokuwa na betri karibu kujaa, akabana mita ndogo ya nyumbani, akaona namba imeshuka. Alitabasamu peke yake.

Kisha akaweka betri tupu kabisa. Chaja ikavuta kwa nguvu zake zote, koili ikatoa ngurumo ya fisi, na mita ikarudi kulekule. Hakuna kilichobadilika. Ilikuwa kama koili haipo.

Alikagua maungio. Alirudia hesabu. Aliongeza mizunguko, na ngurumo ikawa nene zaidi. Mbele ya macho yake alimwona mkaguzi ameshika koleo.

Baba yake alikuwa kwenye benchi lake la kusukia, upande wa pili wa ua, akijifanya anapanga waya ambao ulikuwa umepangwa tayari. Aliisikiliza ile ngurumo. Kwa mtu mwingine ilikuwa kelele. Kwake ilikuwa lugha aliyoizoea. Alivumilia kwa muda, maana alikuwa na hasira yake ya kuilea, lakini mwishowe fundi ndani yake akamshinda baba.

"Chuma kimeshiba," alisema.

Binti aligeuka.

"Umekifunga kila upande. Chuma kilichofungwa pande zote kinashiba upesi. Mzigo mdogo kinafanya kazi, mzigo mkubwa kinashiba, na kikishiba hakisikii tena. Unazidi kukiongezea mizunguko, unamlisha aliyevimbiwa." Alikuja, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya koili. "Koili za mashine za kuchomelea ninazozitengeneza mimi, ulishawahi kuona nimezifunga hivi?"

"Unaweka karatasi," alisema binti polepole. Alikuwa ameona tangu utotoni. Alidhani ni ya kuzuia kelele.

"Naweka karatasi ngumu, kati ya kichwa cha chuma na mwili wake. Panabaki mwanya. Mwembamba, lakini chuma kinapata pa kupumulia."

Binti alikaa chini kabisa, juu ya mchanga. "Baba, huo mwanya nimeusoma. Una fomula yake. Nimeujibia mtihani." Alicheka kicheko cha kujihurumia. "Hesabu nimeipiga yote, mwanya nikausahau, kwa sababu kwenye kitabu ni herufi moja tu."

Fundi Mota angeweza kusema kitu hapo. Midomo yake ilijiandaa kabisa kukisema. Alitazama doa la mafuta kwenye mkono wa shati lake, akaghairi.

"Nipishe hapo," alisema. "Huko si kusuka, huko ni kufunga mzigo wa kuni. Wewe nipe mizunguko ni mingapi na mwanya ni upana gani. Vidole niachie mimi."

"Na jana, baba... mbele ya madereva..."

"Nipe mizunguko."

* * *

Chuma kilikuwepo cha kutosha. Lile ghala lilipata heshima yake siku hiyo, na Mama Chaja aliposogeza transfoma mbovu ya mwisho alisema, "Haya, sitasema tena liuzwe," na mumewe akamwomba arudie kwa sauti. Kilichokosekana ni karatasi. Boksi lilikuwa laini mno, likibanwa linabonyea. Karatasi ya kawaida ilikuwa nyembamba. Plastiki ingeyeyuka.

Mama Chaja aliingia chumbani akafungua kabati, akatoa bunda lililofungwa kwa utepe. Kadi nyeupe, ngumu, zenye maandishi ya dhahabu. Alisita kidogo kabla ya kuliweka mezani.

Zilikuwa kadi za mwaliko wa sherehe ya mahafali ya binti yao. Fundi Mota alizichapisha nyingi kuliko mtaa wenyewe, kwa furaha, kabla hata matokeo hayajatoka. Kisha mota zikaacha kuja, fedha ya sherehe ikanunua chaja za mwanzo, na sherehe haikufanyika. Hakuna kadi hata moja iliyotoka nyumbani. Hakuna aliyelizungumzia.

Binti alichukua moja, akasoma jina lake, akaikunja pembeni kupima ugumu.

"Inafaa," alisema.

"Umeiangalia vizuri?" baba yake aliuliza, naye hakuwa akiuliza habari ya unene.

"Nimeiangalia, baba. Inafaa sana. Leta mkasi."

Kadi moja haikutosha, chuma bado kilishiba. Kadi tatu zilikuwa nyingi, koili ikalegea ikawa kama haina chuma. Kadi mbili, zilizobanwa sawasawa na kupakwa vanishi, chaja ikavuta betri tupu kwa mvumo wa chini, na waya ukakaa baridi. Fundi Mota alisikiliza kwa kuegemeza bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, kama daktari. Kisha akampa binti yake mpini ule, naye akasikiliza.

Basi kazi ikawa ya nyumba nzima. Baba alisuka, mama alipanga vipande vya chuma na kukata kadi, binti aliunganisha kila koili kwenye mlango wa chaja yake. Waya wa zamani uliobabuka aliung'oa akavuta mwingine mnene zaidi. Breki alipita kuuliza kama pamefunguliwa, akakuta watu watatu wenye vanishi mpaka kwenye nyusi.

"Mmehamia kwenye keki?"

"Ijumaa mchana," Mama Chaja alimwambia, "walete wote. Betri ziwe tupu. Nisione dereva anakuja na betri ya nusu."

"Mama, mara ya mwisho nilikimbia mpaka kona."

"Safari hii utakimbilia ndani."

* * *

Mkaguzi alikuja Ijumaa mchana na koleo lake mfukoni, akakuta rafu zimejaa na madereva wamepanga foleni dirishani kama watu waliokuja kuangalia mpira. Alizima na kuwasha swichi mwenyewe, kuhakikisha hachezewi. Alihesabu chaja zinazofanya kazi. Akabana fezi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namba zilikuwa ndogo kuliko za mwanzo, na betri zilikuwa zilezile.

"Hizi zimepungua kwa nini?" aliuliza.

Fundi Mota aliinua kidevu kuelekea binti yake. "Muulize fundi."

Hakungoja jibu. Alikwenda jikoni, akaleta kiti, kilekile, kilichosuguliwa mafuta mpaka rangi ikatoka, akakiweka nyuma ya mkaguzi. Mkaguzi akakaa. Binti akamweleza habari ya kubugia na kunywa, ya mawimbi dandizi, ya koili na mwanya wake, na alipofika kwenye mwanya alisema, "Huo ni wa baba, mimi nilikuwa nimeusahau." Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, akiuliza maswali mawili ya kitaalamu yaliyojibiwa bila kigugumizi. Kisha akainuka akaubana waya wa kurudi.

Dirishani hakuna aliyepumua, hata Breki.

Namba ilikuwa chini ya fezi. Haikuwa chini sana. Mkaguzi aliitazama muda mrefu, akaondoa mita, akaweka kiganja juu ya waya. Safari hii alikiacha hapohapo.

"Bado si kamili," alisema. "Dandizi wengine wamo humu."

"Wamo," alikubali binti. "Chaja zitakazofuata nitaziwekea sakiti ya kufuata wimbi. Ya kwanza nimeshaianza."

"Utaitengeneza mwenyewe?"

"Koili yake itasukwa hapa," alisema, na Fundi Mota akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiyeumwa kitu.

Mkaguzi alirudisha koleo mfukoni bila kulitumia. "Laini inabaki. Ukiimaliza hiyo sakiti, niite. Si kwa ukaguzi. Nataka kuiona tu."

Madereva waliingia kwa kelele zao, wakadai wahudumiwe, na chumba kikawa kidogo. Katikati ya vurugu hiyo Mama Chaja alimwona mumewe akivuta droo, akitoa kilichobaki cha lile bunda. Zilikuwa kadi chache. Alichagua isiyo na doa la vanishi, akavaa viatu, akatoka. Hakumuuliza anakwenda wapi.

Nyuma ya ukuta, fundi cherehani alikuwa akishona. Mashine ilikwenda laini, bila kukoroma. Bahati haikuwa ya kumficha mtu: yule mama mnene alikuwepo, amekuja kuchukua nguo yake.

"Hamjambo," alisema Fundi Mota mlangoni.

Mashine ilisimama. Fundi cherehani alimtazama mikononi, kuona kama amekuja na bisibisi.

"Siku ile mama aliniuliza kama sikuona au hakuna," Fundi Mota alisema, akimtazama mama. "Hakukuwa na kitu. Mwizi alikuwa kwangu, nimemlea mwenyewe, nikaja kumtafuta kwa mtu mwema. Nisamehe, jirani."

Akanyoosha kadi. Fundi cherehani alijifuta mikono kwanza, akaipokea, akaisogeza mwangani. Pembe moja ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Aliisoma yote, maandishi ya dhahabu, jina la binti, mahali, saa.

"Jirani," alisema, "tarehe hii imepita."

"Naiona."

"Imepita zamani."

"Njoo hivyohivyo," alisema Fundi Mota. "Jumapili. Na mama naye aje, akiwa amevaa hiyo nguo."